Bega la Kushoto

Mtu akiniuliza ugonjwa wangu ulianzia wapi, namwambia begani, naye hunitazama kama amesikia vibaya. Tumbo linaeleweka. Damu inaeleweka. Lakini bega? Hata mimi niliuliza hivyo hivyo, nikiwa nimelazwa kwenye kitanda cha magurudumu, na aliyenijibu hakuwa na muda wa kurudia. Ndiyo maana nimekaa kuandika. Yupo mwanamke mahali fulani, kwenye machimbo au mjini kwenye cherehani yake, anachuliwa bega na huku anakufa. Simjui, lakini haya ni yake.

Naitwa Milembe, wengi huniita Mama Limi kwa jina la binti yangu. Mume wangu Masanja ni mchimbaji wa Mwakitolyo, anashuka duarani, ndivyo tunavyoita shimo la dhahabu. Mimi naponda mawe. Wanaume wakishayapandisha juu, sisi wanawake tunakaa chini na nyundo tunayavunja mpaka yawe madogo ya kusagwa na kuoshwa. Kazi hiyo naifanya tangu Limi hajaota meno. Mkono wangu wa kulia una msuli kuliko wa wanaume wengi, na nalisema hilo kwa kujisifu.

Kuna sheria moja pale ambayo hakuna aliyeiandika. Mwanamke aliye kwenye siku zake hapandi kilimani kwenye maduara, eti dhahabu itakimbia. Niliposikia mara ya kwanza nilicheka, nikauliza itakimbia kwa miguu ipi. Hakuna aliyecheka na mimi. Basi nikafuata kama wenzangu: unasema "leo sipandi," unabaki bondeni na nyundo yako, na hakuna anayekuuliza zaidi. Jambo ambalo wanawake wengine wanalificha hata kwa waume zao, kwetu lilikuwa linajulikana mpaka na muuza vocha.

Mwaka ule, mwishoni mwa kiangazi, wakati mawingu yanakuja na kuondoka bila kutupa chochote, siku zangu zilichelewa. Sikushtuka, huwa zinachelewa. Kisha zikaja, nikasema sipandi. Zilikuja kidogo kidogo, rangi yake kama maji ya ukwaju. Zikakata, zikarudi, zikakaa. Niliendelea kusema sipandi mpaka Mzee Ngassa, msimamizi wa duara la kina Masanja, akanitania mbele za watu.

"Mama Limi, kwenu masika yameanza peke yenu?"

Watu walicheka sana, nami nilicheka. Hakuna aliyewaza mimba, na mimi ndiye wa kwanza kutowaza. Mwenye mimba hatoki damu, mimi natoka, na kilima kizima ni shahidi wangu. Mpaka leo nikikumbuka tulivyocheka, mwili unanisisimka.

Tumbo nalo likaanza kuvuta upande mmoja, chini. Mama mkwe wangu akalibonyeza, akasema ni mchango. "Hii nzoka, mayu," akaniambia kwa Kisukuma chake, yaani yule nyoka wa tumboni anayesumbua kizazi. Akanichemshia mizizi michungu, nikanywa. Sikupona, nikaenda zahanati. Waliniuliza kama nina mimba. Nikajibu sina, niko kwenye siku zangu, nikajibu kwa uhakika wa mtu anayetaja jina la baba yake. Wakaniambia ni UTI, nikapewa vidonge. Nilivimeza vyote na nikarudi kwenye mawe.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua kali. Nilikuwa nimeinama kuokota jiwe, mara kitu kikakatika ndani ya tumbo. Sina neno lingine, kilikatika. Jasho likanitoka, baridi, macho yakaona giza, nikakaa chini. Ajabu ni kwamba baada ya muda yale maumivu makali ya tumbo yakapungua. Yakabaki mazito tu, kama niliyeshiba kupita kiasi. Kilichokuja badala yake ni bega. Bega la kushoto, pale juu karibu na shingo, linachoma kila nikivuta pumzi. Nikilala chali, nalia.

Wenzangu wakanicheka kwa huruma. Mponda mawe analilia bega, ni habari gani hiyo? Mmoja akaleta dawa ya kuchua, ile kali inayowasha macho, wakanichua kwa zamu. Nami nikawapa bega, nikawaambia bonyezeni hapo hapo.

Aliyewasimamisha ni Mama Zuhura. Huyu ni mama ntilie wetu, mzaliwa wa Kahama, babu yake alitoka pwani kwa biashara na hakurudi. Ana ulimi mkali na moyo laini. Alikuja kutaka sahani zake, akanitazama, akaziacha.

"Subhanallah! Mama Limi, mbona midomo imekuwa myeupe hivyo?"

"Bega, Mama Zuhura."

"Bega gani linanyonya damu ya mdomoni? Nyanyukeni hapo! Acheni kumkanda mtu kama unga!"

Mdogo wake alikuwa amemletea mchele kwa gari. Mama Zuhura aliamuru magunia yashushwe upesi, nikapakiwa mahali palipokuwa na mchele. Akanifunika kanga yake mwenyewe, akapanda na mimi, vyungu vyake akaviacha motoni. Njia nzima hadi mjini alikuwa ananipiga vikofi vya shavuni nisilale, huku anasoma dua. Mimi Mkatoliki nikawa naitikia amina.

Hospitalini kulikuwa na foleni ya benchi ndefu. Nilikaa nimejikunja. Kukaa wima ndiko kulikopunguza bega, lakini nikikaa wima macho yanaona giza. Mbele yangu walikuwepo mzee mwenye kikohozi na mama mwenye mtoto anayelilia biskuti. Mama Zuhura hakusubiri. Alikwenda kumshika nesi mmoja mkono, akamleta kama anayekamatwa.

"Unaumwa nini, mama?" nesi akauliza.

"Bega."

Akanitazama. "Unafanya kazi gani?"

"Naponda mawe machimboni."

"Unapondea mkono gani?"

Nikainua wa kulia.

"Na bega linalouma ni lipi?"

Nilikuwa nimelishika tayari, la kushoto. Tulikuwa watu wengi pale bondeni, wote tunaishi kwa kazi ya mkono, na hakuna hata mmoja aliyeliona hilo. Nesi alinivuta kope ya chini, akaitazama, kisha akabonyeza tumbo langu mara moja tu. Nilipiga kelele mpaka mtoto wa biskuti akanyamaza.

"Kitanda!" nesi akaita. "Haraka, leteni kitanda!"

Mkojo walinitoa kwa mpira, wakapima. Nesi akarudi akasema, "Mama, una mimba."

"Sina, niko kwenye siku zangu. Na bega?"

"Unayo. Imetunga nje ya mfuko wa uzazi, kwenye mrija, na inaonekana mrija umepasuka. Unavuja damu ndani. Imejaa tumboni mpaka imefika juu chini ya mbavu, ndiyo inayokuumiza begani. Tunakupeleka kupasuliwa sasa hivi."

Nimezaa, nimezika ndugu, nimeona duara likifunika watu. Sijawahi kupigwa na maneno kama siku ile. Nilipewa mtoto na kunyang'anywa bila mtu kuvuta pumzi katikati. Nilitaka kuuliza wa miezi mingapi, jinsia gani, maswali ya kijinga.

Masanja alifika na nguo za duarani, tope mpaka masikioni. Wakamwambia aweke sahihi. Akauliza jambo moja, "Na mtoto?"

Daktari akamjibu taratibu, "Baba, pale alipo hawezi kukua. Sasa hivi tunamtafuta mama."

Masanja akaweka sahihi. Tope lake lilibaki kwenye karatasi. Nami nikapewa nusu kaputi, nikaenda.

Nilipoamka nilikuwa na kiu ambayo sijawahi kuisikia. Tumbo limefungwa kuanzia kitovuni kushuka chini, mpira wa mkojo uko upande mmoja, dripu upande mwingine. Nesi yule yule alikuja, akaniambia mrija wa kushoto umetolewa, usingeweza kushonwa. Kisha akasema jambo lililonifanya nisahau kiu. Damu ya kundi langu haikuwa ya kutosha pale. Kwa hiyo wakati wananipasua, ile damu iliyomwagika tumboni waliichota, wakaichuja, wakanirudishia kwenye mshipa.

"Ile ile?" nikauliza.

"Ile ile, ya kwako mwenyewe."

Nilitazama mkono wangu kwa muda mrefu. Damu ambayo ilinizuia kupanda kilima, ambayo ilisemwa inafukuza dhahabu, ndiyo imenirudisha duniani. Nilianza kucheka, mshono ukanikumbusha, nikaacha. Halafu nikalia.

Siku iliyofuata wakatakiwa watu wa kuchangia damu, maana bado nilikuwa nimepauka. Mlango wa wodi ukafunguliwa, akaingia Mzee Ngassa na vijana wake wa duara, wamejipanga wanaume wazima, kofia mkononi. Walikuwa wameshatoa. Kila mmoja ana pamba mkononi.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Pole." Akakohoa, akatazama dirisha. "Ule utani wangu... Usiuweke moyoni."

Nilimpa mkono. Nilikuwa nina hasira naye na nina damu yake, na vyote viwili vilikuwa kweli.

Kwa mwenzangu utakayepita humo, nikuambie yasiyosemwa. Manesi watakuuliza kila wakati kama umetoa hewa, watauliza mbele ya wageni, na hutakula mpaka utoe. Mimi nilipotoa, wodi nzima ilishangilia, na Mama Zuhura akafungua chupa ya uji. Utatembea umeinama kama unayetafuta sindano. Ngozi chini ya mshono itakufa ganzi, ukiigusa ni kama unagusa mtu mwingine. Moyo utakwenda mbio kwa kupanda ngazi mbili tu. Na watu watakuambia pole ya operesheni. Hakuna atakayesema pole ya msiba. Hakuna kaburi, hakuna jina, hakuna matanga, na wewe mwenyewe hujui kama una haki ya kulia. Unayo, lia.

Masika yote niliuguzwa nyumbani. Mama mkwe, nisimnyime haki yake, alinipikia uji wa ulezi na supu ya kuku wa kienyeji, na kila jirani aliyekuja alifunuliwa nguo yangu aone mshono. "Oneni walivyompasua," anasema, karibu kwa fahari. Limi alipouona aliugusa kwa kidole kimoja.

"Mama, walikuchimba?"

"Ndiyo."

"Wakapata?"

Masanja alitoka nje. Nikamwambia, "Walinipata mimi."

Mvua ziliisha, mpunga ukavunwa, nikarudi kwenye nyundo. Daktari alikuwa ameniambia siku zikichelewa tena nisisubiri, maana iliyotokea mara moja inaweza kutokea mara ya pili. Kwa hiyo siku zangu zilipochelewa msimu uliofuata, sikusema chochote kwa mtu. Sikunywa mizizi. Nilikwenda Kahama nikalala kwenye kitanda cha altrasaundi, nikapakwa yale mafuta ya baridi, nikatazama uso wa mpimaji badala ya kioo. Uso ulinijibu kabla ya mdomo. Mfuko wa uzazi ulikuwa mtupu. Mimba ilikuwa kwenye mrija wa kulia, ule mmoja uliobaki.

Safari hii haikuwa imepasuka. Niliandikiwa rufaa, tukapanda basi mimi na Masanja kwenda Mwanza, nikiwa nimekaa wima, sina maumivu yoyote, mwanamke mzima na pochi yake. Hilo lilinitisha kuliko ile mara ya kwanza, kwamba unaweza kubeba jambo kama hilo na huku unanunua karanga dirishani.

Daktari wa Mwanza alikuwa mwanamke, kijana, anaongea polepole. Alisema kwa sababu nimewahi, hakuna haja ya kunifungua tumbo. Watatoboa matundu madogo, waingize kamera kama kalamu, wafanye kazi wakitazama kioo. Zamani, akasema, karibu kila mama alipasuliwa tumbo zima, na wengi bado wanapasuliwa kwa sababu wanafika damu imeshajaa. Kisha akasema lililobaki ni swali. Wanaweza kujaribu kutoa mimba na kuuacha mrija, lakini mrija wenye kovu unaweza kukamata mimba nyingine. Au wautoe, na mlango wa kuzaa ufungwe.

Kabla sijafungua mdomo, Masanja akajibu. "Utoeni. Duara likititia mara mbili hatumshushi mtu tena."

Nilimgeukia. "Nani kakuuliza wewe?"

"Milembe..."

"Duara ni la nani?"

Daktari akatazama kalamu yake. Masanja akainamisha kichwa, na hapo ndipo nikaona machozi yake yanaanguka kwenye kiatu. Mama yake alikuwa ameshapiga simu kutwa, anataka mjukuu wa kiume, anataka mrija uachwe. Yeye hakuniambia hilo, nilikuwa nimesikia sauti ya mama ikitoka kwenye simu. Alikuwa amekaa katikati yetu akachagua upande bila kuniuliza. Nilimkasirikia na nikampenda.

Nikamwambia daktari, "Mkiukuta mzima, uacheni. Mkiukuta umeharibika, utoeni, wala msinionee huruma."

Waliukuta umeharibika.

Nilipoamka nilipeleka mkono tumboni kutafuta ile bandeji kubwa. Nilikuta plasta tatu. Tatu tu, kama za mtoto aliyejikwaa. Kesho yake nilitembea mwenyewe mpaka chooni, wima, na keshokutwa nikaambiwa niende nyumbani. Nilimuuliza nesi kama ana uhakika wamemaliza.

Lakini sasa sikia maajabu ya nyumbani. Nilipofika, mama mkwe alinifunua, akaziona zile plasta, akanifunika.

"Mbona hawajakupasua?"

"Wamenipasua, mama. Siku hizi ni kwa matundu."

"Matundu." Akamwangalia mwanawe. "Ng'ombe hachunwi kwa matundu."

Majirani walikuja, hawakuona mshono mpya, wakaondoka mapema. Uji wa ulezi haukupikwa. Siku chache baadaye ndoo ya kuchotea maji ilikuwa imewekwa mlangoni ikinisubiri. Mara ya kwanza nilipoteza mrija mmoja, nikauguzwa kama malkia. Mara ya pili nilipoteza uzazi wangu wote, nikaonekana nimetoka matembezi. Niliitazama ndoo ile, hasira ikanipanda, nikaipiga teke. Ilibingirika uani, kuku wakakimbia.

"Humu ndani hamna kitu tena, mama!" nikapiga kelele, nikijipiga tumbo. "Hamna! Hata kama matundu ni madogo, hamna!"

Mama mkwe aliinama, akaiokota ndoo, akaenda kisimani mwenyewe. Hatujawahi kulizungumza. Jioni ile niliukuta uji mezani, umefunikwa.

Sasa hivi nimerudi bondeni. Sheria ya kilima ipo bado, sijaweza kuivunja, lakini nimejitwalia kazi ambayo hakuna aliyenipa. Mwanamke akisema "sipandi," mimi nasikiliza. Akiendelea kusema, namfuata, namuuliza kwa siri zilianza lini na ni za rangi gani. Wengine wananiita mchawi wa damu. Waniite. Mzee Ngassa ndiye anayewanyamazisha.

Wiki iliyopita alikuwepo Kabula, msichana aliyeolewa kwetu juzi tu kutoka upande wa Ushirombo, mgeni kwetu, mwenye haya. Alikuwa hajapanda kwa muda. Nilimkuta amekaa peke yake, nyundo chini, kichwa amekiinamisha upande, na wenzake wanafungua kichupa cha dawa ya kuchua. Nilisikia harufu yake kabla sijawafikia, nikaongeza mwendo.

"Amefanyaje?"

"Bega tu, Mama Limi. Hajaizoea nyundo."

Nikapiga magoti mbele yake. Midomo ilikuwa myeupe. Mama Zuhura alikuwa ameshauona uso wangu, naye anamwita mdogo wake alete gari.

"Kabula, mwanangu," nikamwambia, "unapondea mkono gani?"

Alinitazama bila kuelewa, kisha akainua ule mwingine, wa bega lisilouma.